Skrini nyeusi baada ya kufunga mfumo wa mafaili uwe wa kusoma tu (Raspberry Pi, PyQt5)

mizani_rungwe aliuliza:

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni fundi umeme, niko Rungwe, upande wa Tukuyu. Kuna kikundi cha wafugaji huku chenye vituo viwili vya kukusanyia maziwa, na mashine za kupokelea nimezifunga mwenyewe. Kila mashine ni Raspberry Pi 4 ya GB 2 (kompyuta ndogo ya bodi moja), skrini ya kugusa ya inchi 7 yenye pikseli 800 kwa 480, mizani inayotoa uzito kwa waya wa serial kupitia adapta ya USB, na printa ndogo ya risiti. Mfugaji anafika na ndoo, karani anagusa namba yake kwenye skrini, mizani inasoma kilo, programu inagawa kwa 1.03 kupata lita, inaandika kwenye SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili), printa inatoa kikaratasi. Programu nimeiandika kwa Python na PyQt5, maktaba ya kuchora madirisha. Ni madirisha ya kawaida na vitufe vikubwa, hakuna video wala michoro ya kucheza. Mfumo ni Raspberry Pi OS Lite, ile ya Bookworm, na skrini inawashwa na huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inayoita `startx`, amri ya kuwasha X, mfumo wa madirisha.

Shida ilianza na umeme. Anayeijua Rungwe anaijua mvua yake. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena, siku nyingine mara nne kabla ya saa tatu asubuhi, na hizo ndizo saa za maziwa. Msimu uliopita memori kadi tatu zimekufa. Pi inawaka, inakwama kwenye maandishi meupe, haiuoni mfumo wake wa mafaili. Napanda bodaboda na kadi nyingine mfukoni huku maziwa ya watu yamesimama kwenye foleni.

Nikasoma kwamba dawa ni kuufunga mfumo uwe wa kusoma tu. Nikaingia `raspi-config`, kuna sehemu inaitwa Overlay File System, nikaiwasha. Nyumbani nikachomoa waya mara kumi, ikawaka mara kumi. Jumatatu nikaipeleka kituoni.

Jumatano saa mbili na dakika ishirini asubuhi umeme ukakatika. Uliporudi mashine iliwaka vizuri kabisa, skrini safi, vitufe vyote vipo. Orodha ya siku ilikuwa tupu. Ya Jumanne tupu. Ya Jumatatu tupu. Tangu Jumatatu umeme ulikuwa umetulia, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba kila kitu kilikuwa kinaandikwa kwenye RAM, memori inayofutika umeme ukikatika, lita za wafugaji 43 zikiwemo.

Mimi na karani tulizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya risiti. Bibi mmoja mwenye ng'ombe mmoja alikuwa amewashia moto za kwake. Tukaandika kwa ushahidi wa jirani anayetembea naye asubuhi: sita, sita na nusu, sita. Aliniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, kwa hiyo mashine ilikuwa inaniandika au haikuwa inaniandika?" Swali hilo sijalala nalo vizuri mpaka leo. Malipo yanatoka mwisho wa mwezi, na kwake lita sita ni chumvi, sabuni na daftari la mjukuu.

Overlay nimeitoa. Sasa nimekwenda kwa mkono: kwenye `/etc/fstab` nimeweka `ro` (kusoma tu) kwa `/` na `/boot/firmware`, na tmpfs (folda inayokaa kwenye RAM) kwa `/tmp`, `/var/tmp` na `/var/log`. Pi inawaka mpaka mwisho, kwa ssh naingia bila shida, ila skrini ni nyeusi. `journalctl` inaonyesha:

```
xauth:  error in locking authority file /home/mizani/.Xauthority
```

Nikifanya `mount -o remount,rw /` na kuianzisha huduma upya, skrini inarudi. Kwa hiyo programu ni nzima, kinachogoma ni kuandika.

Naomba kujua: ni nani hasa anataka kuandika, na anataka kuandika wapi? Sitaki kubahatisha folda moja baada ya nyingine. Na swali la pili ndilo linaloniuma zaidi: lita za watu niziweke wapi?

---

pwani_solda alijibu:

Pole sana dada. Mimi ningefunga UPS ndogo ya Pi, zile za betri za 18650, yenye pini ya kuiarifu Pi kwamba umeme umekata. Mashine inajizima taratibu. Mfumo uache uandike kama kawaida. Kazi imeisha.

---

mizani_rungwe:

Asante kaka. Kituo cha juu niliwahi kufunga hiyo. Betri ilichoka baada ya miezi kadhaa na hakuna aliyejua kwamba imechoka mpaka kadi ilipokufa. Betri siikatai, ila nataka mashine inayovumilia hata siku betri ikiwa haina kitu.

---

kerneli_kimya alijibu:

Dada, pole kwa Jumatano ile. Nimeshughulika na Linux ndani ya mashine za kulipia na za foleni kwa miaka kadhaa, hapa Mombasa, na hilo la overlay nimeliona kwa wengi.

Overlayfs imo ndani ya kerneli tangu toleo la 3.18 la mwaka 2014. Inatandika tabaka la kuandikia juu ya tabaka la kusoma, na kwa `raspi-config` tabaka la juu ni RAM. Programu ikiandika, inaona imeandika. Ikiita `fsync`, amri ya kulazimisha data ifike kwenye diski, inajibiwa kuwa mambo ni sawa. SQLite inaamini, printa inatoa risiti, karani anaamini. Kwa mashine inayoonyesha ratiba ya mabasi, vyema, tumia. Kwa mashine inayoandika haki ya mtu, ni hatari, kwa sababu hakuna kosa litakalojitokeza hadi umeme ukatike. Tena tabaka lile hujaa. Niliwahi kuitwa kwenye skrini ya matangazo iliyokuwa ikiganda kila baada ya siku tisa hivi. Kivinjari kilikuwa kikijaza keshi yake kwenye RAM polepole mpaka ikaisha.

Skrini nyeusi uliyonayo sasa yakufaa zaidi. Kila anayetaka kuandika analazimika kujitaja. Kaa hapo hapo, usirudi kwenye overlay.

Nianze na X. Seva ya X huandika `/tmp/.X0-lock`, na soketi yake ndani ya `/tmp/.X11-unix`. Hizo mbili tmpfs yako imeshazitosheleza. Logi yake huenda `/var/log`, au ndani ya `.local/share/xorg` kwenye folda ya nyumbani ikiwa X haiendeshwi na root. Kisha `startx` huita `xauth`, inayotunza funguo za ruhusa ya kutumia skrini, nayo ndiyo iliyokukwamisha. Watu wengi hapa hulifanya faili la `.Xauthority` peke yake liandikike, na bado halikubali. Sababu ni kwamba `xauth` ikitaka kulifunga faili hilo huunda mafaili mengine mawili pembeni yake, yenye jina lile lile na mkia wa `-c` na `-l`. Kwa hiyo folda nzima ndiyo lazima iandikike.

Ila nakuuliza: X ya nini? Una programu moja, inajaza skrini yote, vitufe na maandishi. Qt inaweza kuchora moja kwa moja kwenye `/dev/fb0` kwa njia ya `linuxfb`, bila X wala Wayland. Inachora kwa prosesa, haitumii OpenGL, na kwa vitufe vya pikseli 800 kwa 480 hutaona tofauti. Ungekuwa na QML au michoro mizito ningekwambia `eglfs`, na ungekuwa na kivinjari ningekwambia Cage. Kwako ni `linuxfb`. Ukiiondoa X, umeondoa nusu ya wanaotaka kuandika.

Huduma yako iwe hivi:

```
[Service]
User=mizani
SupplementaryGroups=video input dialout lp
RuntimeDirectory=mizani
RuntimeDirectoryMode=0700
Environment=HOME=/run/mizani
Environment=XDG_RUNTIME_DIR=/run/mizani
Environment=QT_QPA_PLATFORM=linuxfb:fb=/dev/fb0
Environment=PYTHONDONTWRITEBYTECODE=1
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/mizani/kuu.py
Restart=always
```

`RuntimeDirectory` inamwambia systemd atengeneze `/run/mizani` kila huduma inapoanza, mali ya mtumiaji wako. Hiyo 0700 iache kama ilivyo, maana Qt hulalamika ikikuta folda hiyo imefunguliwa kwa wengine. Na kwa kuwa `HOME` nayo inaelekea huko, kila kitu kitakachotafuta `.cache` au `.config` kitaandika kwenye RAM na kufa na umeme, na ndivyo tunavyotaka.

Zima `getty@tty1`, la sivyo maandishi ya kuingilia yatachorwa juu ya programu yako. Kwenye `cmdline.txt` ongeza `vt.global_cursor_default=0` na `consoleblank=0`.

Sasa fonti, hapa watu hupoteza siku nzima. Fontconfig, maktaba inayotafuta fonti, ikikosa mahali pa kuweka keshi haifi. Inachambua fonti zote upya kila programu inapowaka, na wewe unabaki kushangaa kwa nini mashine imekuwa nzito. Kabla ya kufunga mfumo, ukiwa na ruhusa ya kuandika, endesha `fc-cache -f -s` ili keshi ikae `/var/cache/fontconfig`. Usifunike `/var` nzima kwa tmpfs, utaifukia keshi hiyo. Na kwa Python, endesha `python3 -m compileall /opt/mizani` mapema, usiiache itafsiri msimbo wako upya kila asubuhi.

Ukishaondoa X, tafuta waliobaki:

```
strace -f -e trace=%file -o /tmp/nani.txt python3 /opt/mizani/kuu.py
grep EROFS /tmp/nani.txt
```

`EROFS` ni jina la kosa ambalo kerneli humrudishia anayetaka kuandika mahali pa kusoma tu. Tumia mtumiaji yule yule na mazingira yale yale ya huduma, usiendeshe kama root. Hiyo ndiyo orodha uliyoiomba, na itatoka kwenye mashine yako mwenyewe.

Mengine kwa haraka: journald, huduma ya logi ya systemd, iwe `Storage=volatile` na `RuntimeMaxUse=16M`. Kila tmpfs ipe `size=`, maana usipotaja, kila moja inaruhusiwa kula hadi nusu ya RAM. Zima `dphys-swapfile` na vipima muda vya `apt-daily`.

Na moja ambalo wengi hawalijui. Kuandika `ro` kwenye ext4, aina ya mfumo wa mafaili wa Linux, hakumaanishi kwamba haitaandikwa kamwe. Ikiwa umeme ulikatika wakati ipo wazi kwa kuandika, safari inayofuata kerneli italirudia kwanza jarida lake, kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokatizwa, na huko ni kuandika, hata kama umeagiza `ro`. Basi siku unayoifungua kwa matengenezo, ifunge kabla hujaondoka. Ikikataa kufungwa na kusema ina shughuli, mara nyingi ni programu bado imeshikilia maktaba ya zamani iliyofutwa wakati wa kusasisha. `lsof +L1` itakuonyesha. Kwenye fstab, ile namba ya sita ya mstari wa `/` iwe 0.

---

mizani_rungwe:

Kaka, skrini imewaka.

Nimekaa nayo jana jioni mpaka saa sita usiku. X nimeitoa. Mara ya kwanza picha ilikuja sawa lakini mguso ulikuwa kinyume: unagusa LITA juu kushoto, inajibu FUTA chini kulia. Kwenye kasha langu skrini imefungwa kichwa chini ili waya zitokee juu. Nimeongeza `QT_QPA_EVDEV_TOUCHSCREEN_PARAMETERS=/dev/input/event0:rotate=180`, ikakubali. Kwa atakayesoma baadaye: namba ya `event` inaweza kubadilika ukichomeka kibodi, tumia njia iliyopo `/dev/input/by-path`.

Fonti ni kweli kabisa. Tangu kubonyeza swichi hadi kitufe cha kwanza kuonekana ilikuwa sekunde 31. Baada ya `fc-cache` na `compileall` ni sekunde 19.

`strace` imenionyesha mambo mawili ambayo nisingeyapata kwa kubahatisha. Programu ilikuwa inafungua `mipangilio.json` kwa kuandika kila karani anapobadilisha zamu, hata kama hakuna kilichobadilika. Na nilikuwa na faili la logi ndani ya `/opt/mizani` nililoliweka wakati wa kutengeneza, nikalisahau. Yote mawili ni msimbo wangu. Zamu nimeihamishia kwenye hifadhidata, logi sasa inaenda kwa journald.

Limebaki la lita. Nimefikiria patisheni (sehemu iliyotengwa) ya tatu kwenye kadi ile ile, `/dev/mmcblk0p3`, niifungue kwa kuandika na kuiita `/data`. Nawaza sawa?

---

kerneli_kimya:

Vizuri sana. Ndiyo, patisheni ya tatu. ext4, `noatime`, na weka `nofail` ili ikiharibika skrini iwake hata hivyo na kumwambia karani, badala ya mashine nzima kukwama kwenye kuwaka.

---

hesabu_unguja alijibu:

Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma tu, ila hapa naomba nitofautiane na ndugu yangu wa Mombasa, kwa heshima zote.

Patisheni ni mstari uliochorwa na Linux. Kadi yenyewe haiujui mstari huo. Ndani ya kadi kuna kidhibiti chake, nacho hufuta na kuhamisha data kwa vipande vikubwa, mara nyingi vya megabaiti kadhaa, na huvihamisha kwa mpango wake ili kusambaza uchakavu. Umeme ukikatika katikati ya uhamisho huo kwenye kadi ya bei ndogo, kinachoharibika huenda si kile ulichokuwa unaandika. Huenda ni kipande cha patisheni ya pili ambayo hujaigusa mwezi mzima. Kwa hiyo umefunga mlango wa `/`, lakini `/data` inaishi chumba kimoja nayo.

Ushauri wangu: kadi ya SD isiandikwe kabisa. Data iende kwenye chombo kingine, kikiwa na kidhibiti chake. Flashi ya USB ya daraja la viwandani, au SSD ndogo kwenye USB ikiwa mfuko unaruhusu. Chombo hicho kikifa, mashine bado inawaka na inaweza kusema "sina pa kuandika". Kadi ya mfumo itabaki salama.

La pili ni la hifadhidata, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. SQLite haiandiki faili moja tu. Huunda mafaili mengine pembeni, la jarida, au `-wal` na `-shm` ukiwa kwenye WAL, hali ambayo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni. Folda nzima lazima iandikike, sawa na alivyokueleza kuhusu `.Xauthority`. Ukitumia WAL, weka `PRAGMA synchronous=FULL`. Ukiweka NORMAL hifadhidata haitaharibika, lakini rekodi za mwisho zinaweza kupotea umeme ukikatika. Watu husoma "haitaharibika" wakaridhika. Kwa bibi yule, rekodi ya mwisho ndiyo yake.

La tatu, mwanangu, na ndilo lililonifanya niandike. Angalia mpangilio wa kazi katika programu yako. Risiti inatoka lini? Kama printa inaamrishwa kabla `COMMIT`, amri ya kuikamilisha rekodi kwenye hifadhidata, haijarudi, basi karatasi inamwahidi mfugaji kitu ambacho mashine haijakihifadhi. Karatasi isitoke mpaka `COMMIT` imerudi salama. Ikirudi na kosa, skrini iwe nyekundu na karani aandike kwenye daftari la mkono. Daftari hilo liwepo siku zote, na kalamu yake ifungwe kwa kamba.

Na saa? Pi 4 haina saa yenye betri. Mfumo huwa unatunza saa ya mwisho kwenye faili la `fake-hwclock`, na faili hilo sasa haliandikiki. Pasipo intaneti, mashine yako itaamka kila siku ikidhani ni siku uliyofunga mfumo. Maziwa ya Ijumaa yataandikwa Jumanne.

---

kerneli_kimya:

Nimekubali, Mzee. Mimi hutumia kadi za viwandani zenye kinga ya umeme kukatika, ndiyo maana patisheni ya tatu haijaniletea shida. Kwa kadi za kawaida hoja yako ina nguvu kuliko yangu. Dada, mfuate.

Saa: nunua moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032, iunganishe kwenye pini za I2C, kwenye `config.txt` weka `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, kisha ondoa kifurushi cha `fake-hwclock`.

---

mizani_rungwe:

Shikamoo Mzee. Nilikwenda kuusoma msimbo wangu baada ya kusoma ujumbe wako. Printa ilikuwa inaamrishwa kwanza. Niliweka hivyo kwa sababu printa ni ya polepole na nilitaka foleni isonge. Maana yake, hata bila overlay, hata kwenye zile siku za mwanzo, kuna mtu anaweza kuwa aliondoka na risiti ya maziwa ambayo hayapo kwenye mashine. Nimemwambia mwenyekiti wa kikundi, na mwezi huu tunalinganisha risiti zote na orodha kabla ya kulipa.

Naagiza flashi na DS3231 kutoka Dar. Nikifunga nitarudi.

---

pwani_solda:

Dada, zikifika, usichomoe waya mara kumi. Chomoa wakati inaandika.

---

mizani_rungwe:

Nimerudi. Wiki mbili na siku tatu.

Mashine ya kituo cha chini sasa iko hivi. Kadi ya SD: `/` na `/boot/firmware` zote `ro`. Flashi ya USB: patisheni moja ya ext4 iliyowekwa `/data`, `noatime,nofail`, nimeitaja kwa UUID (namba yake ya utambulisho) na siyo kwa `/dev/sda1`. Hifadhidata iko huko, WAL, `synchronous=FULL`. Saa ni DS3231. UPS ndogo ipo pia, kaka pwani_solda, lakini programu haiitegemei: inapima betri kila saa na kuandika hali yake chini ya skrini ili karani aione ikichoka.

`nofail` ilinifundisha jambo. Nilipochomoa flashi na kuwasha, `/data` ilikuwepo kama folda tupu kwenye kadi. Kwa kuwa kadi ni ya kusoma tu, SQLite ilikataa na skrini ikawa nyekundu, vizuri. Lakini kama mfumo ungekuwa wazi siku hiyo kwa matengenezo, ingeunda hifadhidata mpya tupu kwenye kadi, kimya kimya, na tungerudi kwenye Jumatano. Sasa kabla ya kufungua chochote programu inaita `os.path.ismount("/data")`. Jibu likiwa hapana, haiendelei.

Kisha nikafanya alivyosema kaka. Nikaandika skripti inayojifanya mizani: inatuma uzito mpya kila sekunde mbili na nusu, kila pokeo lina namba yake, na printa inatoa kikaratasi chenye namba hiyo. UPS nikaitoa. Jioni mbili nimekaa sebuleni na soketi ya ukutani, nachomoa waya bila kuangalia skrini. Mara 60. Mdogo wangu alikuwa anapanga vikaratasi kwenye sakafu kwa namba.

Mara zote 60 skrini imewaka. Vikaratasi vyote vilivyotoka, namba zake zipo kwenye hifadhidata. Hakuna hata kimoja kilichokosa.

Kinyume chake kilitokea mara mbili: rekodi ipo, karatasi haikutoka. Umeme ulikatika baada ya `COMMIT` na kabla ya printa. Hapo karani wa kweli angedhani haijaandikwa, angepima tena, na mfugaji angelipwa mara mbili. Nimeongeza safu moja kwenye jedwali, `risiti_imetoka`, inayojazwa baada ya printa kujibu. Mashine ikiwaka na kukuta pokeo la mwisho halina alama hiyo, kabla ya kitu kingine inaonyesha kwa maandishi makubwa: namba ya mfugaji, lita, saa, na vitufe viwili, ANAYO RISITI na TOA RISITI. Karani anamuuliza mtu aliye mbele yake.

Jingine nililifanya kwa ajili ya moyo wangu. Kabla ya kuanza kuchomoa, niliweka kadi kwenye laptopu bila kuifungua kwa kuandika na kuendesha `sha256sum /dev/sdb2`, inayotoa namba ambayo hubadilika data ikibadilika hata kidogo, nikaiandika namba yote kwenye karatasi. Baada ya mara ya 60 nikairudia. Herufi na tarakimu zote 64 ni zile zile.

Leo asubuhi nilikuwa kituoni. Umeme ulikatika saa moja na dakika arobaini, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Bibi alikuwa wa tatu kwenye foleni. Kabla hajatoa ndoo nilimfungulia orodha yake kwenye skrini, nikamsomea siku moja moja tangu mashine mpya iwekwe, naye akawa anazihakiki na risiti alizozifunga kwenye pindo la kanga. Siku kumi na moja. Zote zilikubaliana.

---

hesabu_unguja:

Marahaba mwanangu. Flashi hiyo nakala yake inakwenda wapi?

---

mizani_rungwe:

Kila jioni karani anachomeka flashi ya pili, programu inaita `VACUUM INTO` kupeleka nakala kamili humo, inasubiri iandikwe yote, kisha skrini inamwambia CHOMOA. Flashi hiyo inalala kwa mweka hazina, siyo kituoni. Ijumaa nafunga kituo cha juu.